Dumuzi wa Lundo la Ukutani

Kabla hujachoma bambo kwenye gunia, nusa mshono wake. Bambo ni kile chuma chenye mfereji, unachokidunga gunia kikakuletea punje za ndani bila kulifungua. Vijana wengi wa sasa wanadunga kwanza, wanaangalia punje kiganjani, wanasema safi. Punje za pembeni zinaweza kuwa safi na za katikati zimeshakuwa unga. Mshono ndio unaopumua. Weka pua pale, vuta taratibu, halafu geuza uso, halafu vuta tena.

Nawafundisha hivi, lakini nisiwafiche: pua nayo inadanganya. Mwaka wangu wa kwanza ghalani nilikataa lori zima la mahindi kwa sababu nilisikia harufu ya uvundo. Nilisimama kidete, dereva akiniapia kwamba mzigo wake haujaguswa na maji tangu Morogoro. Mzee Mtipa, mtunza ghala wetu, akaja, akanusa gunia, akaninusa mimi. Akasema, "Hawa, nenda nyumbani kabadilishe kanga." Kanga yangu ilinyeshewa jana yake nikaikunja mbichi. Dereva alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia siku hiyo kila akiingia getini anapiga kelele, "Dada Hawa, leo umekauka?"

Basi ndiyo maana hata ninapokuwa na hakika naangalia tena. Watu wengine wanaita woga. Labda ni woga.

Ghala lenyewe lilikuwa Gerezani, mwendo wa kutupa jiwe kutoka Kariakoo. Lilikuwa na paa la bati na kuta nene za zamani, na ukuta wa nyuma tuliuchangia na stoo ya Mangi. Mangi ana jina lake la ubatizo, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kuwa ametoka Kilimanjaro, naye aliitika. Aliuza kwa jumla vitu vya chakula vikavu: maharage, kunde, na makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa. Sisi tulitunza mahindi ya maduka ya ushirika. Miaka ile foleni ya unga ilianza alfajiri, na mama aliyekosa leo alirudi kesho na kigoda chake. Kwa hiyo mahindi yetu hayakuwa mahindi tu. Nilikuwa nikipita pembeni ya zile foleni nikienda kazini naona haya, kana kwamba mimi ndiye niliyeyaficha.

Mzee Mtipa ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa kusini, mfupi, mkavu, hapendi maneno mengi. Alikuwa na sheria ya fagio. Kati ya lundo na ukuta lazima ipite njia ambayo mtu na fagio lake wanaweza kuipita bila kujibana. Alisema punje nzima ina mlango umefungwa, ila punje iliyovunjika imeacha mlango wazi, na harufu yake inatoka kwenda kuwaambia wadudu chakula kipo wapi. Mwanzoni nilidhani ni maneno ya wazee ya kunitisha nifagie.

Sasa niwaambie la lundo la ukutani, maana ndilo lililonifanya niandike.

Ulifika msimu malori yakaja mengi kuliko nafasi. Tukaambiwa yote yashushwe. Mzee alitazama, akanung'unika, akakubali. Mahamali wakasukuma lundo la mwisho hadi likagusa ukuta wa nyuma. Njia ya fagio ikafungwa. Nami nilikuwepo, sikusema kitu. Mahindi yale niliyapiga bambo mwenyewe yakiingia, gunia kwa gunia, yakawa safi.

Baada ya muda nikasikia mlio. Ukisimama ghalani mchana wakati mahamali wamekwenda kula na kila kitu kimenyamaza, lundo zuri halisemi neno. Lile lilikuwa linakwaruza, kama watu wengi wanaosaga meno. Nikachoma bambo. Kilichotoka hakikuwa punje, kilikuwa vumbi jeupe, laini kama poda, na ndani ya vumbi vijidudu vya kahawia iliyokoza, mwili kama kipande cha penseli, kichwa kimeinamia kifuani. Sikuwajua. Fukusi nawajua, wana pua ndefu. Hawa hawakuwa na pua. Nikamwaga vumbi lote miguuni.

Mzee alipowaona alikaa juu ya gunia, jambo ambalo hakuliruhusu kwa mtu yeyote. "Huyu ndiye yule mgeni wa bara," alisema. "Dumuzi. Walisema yuko Tabora."

Tulitoa taarifa, ndivyo utaratibu ulivyotaka. Ikaja kamati ya ukaguzi, Mwenyekiti wake ni mtu mzima mwenye sauti ya chini. Napenda kusema haki yake: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni za akina mama kichwani kama mimi. Alizunguka ghala, akapima magunia ya lundo lile, yakawa mepesi mno. Akapima ya malundo mengine, yakawa sawa. Akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza.

"Mzee Mtipa, ghala moja, kufuli moja, mahindi ya msimu mmoja. Mdudu ameingiaje akachagua lundo moja tu, lile la nyuma lisiloonekana kutoka mlangoni, akayaacha mengine yote?"

Mzee akasema, "Sijui, Ndugu Mwenyekiti."

"Au kuna mtu alitoa magunia mazuri akaweka mabovu?"

Siku zile neno mhujumu lilikuwa linatembea mjini. Mtu akishaitwa hivyo, hata jirani aliyekuwa akimwazima chumvi anapita upande wa pili wa barabara. Mzee alisimamishwa kazi papo hapo akisubiri uamuzi. Alitoka bila kutuaga. Mkewe alikuwa mgonjwa wa miguu, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi.

Mtaalamu wa wadudu aliyeletwa aliitwa Ndugu Anselmi. Nilitegemea mtu wa koti jeupe, kumbe kijana amevaa kaunda suti iliyopauka, viatu vimejaa vumbi. Alinisalimia, "Shikamoo dada," nami nikababaika kwa sababu sikuwa mkubwa kiasi hicho. Akalala kifudifudi mbele ya lundo, akatazama chini, akatazama ukutani, akainuka.

"Dada Hawa, nyuma ya haya magunia kuna tundu la hewa?"

"Lipo. Lina wavu."

Akapenyeza mkono nyuma ya magunia, akapapasa. "Wavu umechanika."

Alinikalisha juu ya ndoo akanieleza, na nitawaeleza nilivyoelewa; nikikosea, kosa ni langu, si lake. Mdudu huyu hana pua. Ana vipapasio viwili kichwani, na ncha ya kila kipapasio imevimba kama rungu. Kwenye lile rungu kuna vinyweleo ambavyo macho yetu hayavioni, na kila kinyweleo kina vitundu vidogo zaidi. Harufu si moshi, alisema, ni chembe. Zinapeperuka, zinaingia kwenye vitundu, ndani zinapokelewa na mishipa ya fahamu. Na si kila kinyweleo kinapokea kila chembe. Kimoja kinajua hii, kingine ile.

"Ukipita dirishani ukasikia bizari nyembamba peke yake, utasema pilau?" aliniuliza.

"Nitasema bizari."

"Na ukisikia bizari, na kitunguu kinachoungua, na mchele, kwa kiasi chake?"

"Hapo nitagonga mlango."

Alicheka. "Basi na mdudu hivyo hivyo. Hatafuti harufu moja. Anatafuta mchanganyiko, na kila mmoja kwa kiasi chake. Na punje ikivunjika mafuta yake yanatoka nje, harufu inakuwa nzito."

Nikamwambia Mzee alikuwa akisema maneno hayo hayo, ya mlango wazi. Akasema, "Alisema kweli. Ila kwa huyu dumuzi kuna jingine, na hili bado tunabishana. Wenzangu wanashuku kwamba kwa mbali hasikii mahindi vizuri. Wachache wanaangukia tu chakula kwa bahati. Lakini dume akishatoboa na kuona pametosha, anatoa harufu yake mwenyewe. Anaita wenzake. Nao wanakwenda alipo yeye, wanapita hata chakula kizuri njiani."

Nikajikuta nimesimama. "Kwa hiyo lundo moja linaweza kujaa, na mengine yasiguswe?"

"Kwa muda, ndiyo. Kama ni kweli. Mimi siwezi kumwambia Mwenyekiti kitu ninachokishuku tu."

Hapo ndipo ulipoanza usumbufu wa makopo.

Alitaka makopo mawili yanayofanana. Nikaleta ya maziwa ya unga, nikayasugua kwa jivu, nikayaanika juani hadi hata mimi sikusikia tena maziwa. Tukayatoboa kwa sindano, vitundu vya kupitisha hewa lakini si mdudu, maana nguo na mbao dumuzi anatoboa. Kila kopo likapata mahindi safi kiasi kile kile. Moja tukaliongezea dumuzi hai. Dume na jike hata Ndugu Anselmi hakuweza kuwatenganisha kwa macho, akasema tuweke kadhaa, madume watakuwemo. Tukayaning'iniza upande wa mbali wa ghala, chini ya kila kopo ubao uliopakwa ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege.

Mahamali walifurahi sana. "Dada Hawa amefungua hoteli!" alisema mmoja. "Dumuzi, karibuni, viti vipo, ila mkikaa hamnyanyuki!"

Mwenyekiti alikubali kulitazama jambo hilo. Alifunga ghala kwa kufuli yake mwenyewe ili mtu asiseme tumewamwaga wadudu kwa mkono. Jioni kabla ya giza ndipo dumuzi wanaporuka. Mimi sikula. Nilikwenda kumwona mke wa Mzee, nikamkanda miguu nikarudi.

Asubuhi tukafungua. Ubao wa kwanza una dumuzi. Ubao wa pili nao una dumuzi, karibu sawa.

Mwenyekiti alitazama mbao zote mbili, halafu akasema bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma, "Ndugu zangu, wanakwenda popote. Basi wangekwenda kwenye malundo yote."

Nilimtazama Ndugu Anselmi, amekuwa na rangi ya jivu. Na mimi, wanangu, wakati ule wazo lilinipita. Nikajiuliza kama Mzee kweli hakufanya. Nilikumbuka alivyonung'unika, alivyokubali haraka. Nikakumbuka siku chache nilizolala nyumbani na malaria baada ya mzigo kuingia, nikajiuliza nani alikuwa na funguo. Wazo halikukaa kidogo, lilikaa siku nzima.

Ndugu Anselmi aliomba nafasi moja zaidi. Wakati wa kuyashusha makopo nilitaka kukunja kamba. Ghala letu halikununua kamba hata siku moja. Ukihitaji, unachomoa uzi wa katani kwenye gunia kuukuu, unausokota pajani, basi. Hata watu wa bandarini walituita "wasokotaji". Nilipoukunja ule uzi, vumbi jeupe likanibakia mapajani. Nikaugeuza. Ndani ya msokoto kulikuwa na vumbi tele, na dumuzi mmoja amejichimbia kama mtoto kwenye kanga ya mamaye.

"Ndugu Anselmi," nilisema, "huu uzi nimeuchomoa kwenye magunia gani?"

Sote tulijua. Yaliyokuwa wazi na mepesi kuchomoka ni yale yale ya lundo la ukutani. Tulikuwa tumeyaning'iniza makopo yote mawili kwa harufu ya dumuzi. Labda wale waliojificha waliita, labda vumbi lenyewe. Hilo hakulijua yeye wala mimi silijui hadi leo.

Nikakimbilia kwa Mangi kuomba waya. Alikuwa anapima kunde.

"Waya wa nini, dada?"

"Wa kumsaidia Mzee Mtipa."

Akaacha mizani na mteja, akachomoa waya kwenye masanduku yake, akaukata kwa koleo. "Chukua na huu, kama hautoshi. Mwambieni Mzee mimi nipo."

Safari hii nilitafuta kila kitu cha kutuumbua. Nilinawa kwa sabuni na ndimu, halafu nikaogopa ndimu, nikanawa tena kwa maji matupu. Nikasema labda upepo wa tunduni unapendelea upande mmoja, kwa hiyo tukubaliane kabisa kwamba tutafanya mara ya pili makopo yakiwa yamebadilishana nafasi. Ndugu Anselmi alisema hata yeye alitaka hivyo, ila aliona aibu kumwomba Mwenyekiti arudi tena. Mimi nilimwomba. Akasema, "Wewe mama una wasiwasi sana." Nikamwambia, "Ndiyo."

Jioni tukayaning'iniza tena, sasa kwa waya, na asubuhi ubao wa kopo lenye dumuzi ulikuwa mweusi kwa wingi wa wadudu. Ule mwingine ulikuwa na wachache wa kubahatisha. Tukabadilisha. Kesho yake weusi ukawa umehama na kopo lake.

Mwenyekiti aliinama akatazama ubao muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akataka magunia mawili ya lundo lile yapepetwe mbele yake. Mahamali wakapepeta, bila utani sasa. Vumbi likajaa turubai, na chini ya lundo tukakuta lililovuja kwenye mishono, sehemu kubwa ya uzito uliopotea. Akasema, "Hili si gunia lililobadilishwa. Hili limeliwa."

Nilidhani tumemaliza. Akageuka.

"Na yule wa kwanza alitoka wapi?"

Watu wote wakatazama ukutani. Nyuma ya tundu lile ilikuwa stoo ya Mangi, na dumuzi, Ndugu Anselmi alishasema mbele ya watu, anapenda makopa kama anavyopenda mahindi. Mangi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kujua habari za Mzee. Aliona vichwa vinageuka.

"We mama mpiga bambo," Mwenyekiti akasema, "ndiye unayejua hii nyumba. Wametoka kwake?"

Ingekuwa rahisi. Mzee angetoka safi kama pamba. Niliona wazi kwamba jibu la neno moja lingemweka mtu mwingine pale alipokuwa Mzee.

Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, nilichokiona nitasema. Mahindi yaliingia safi. Tundu lina wavu uliochanika. Njia ya fagio ilifungwa, Mzee aliikubali, na mimi nilinyamaza. Punje zilizovunjika zimekaa pale chini hazifagiliwi. Hayo nimeyaona. Mdudu akitoka kwa Mangi kuja kwetu sijamwona, na akitoka kwetu kwenda kwa Mangi sijamwona. Upepo unapita pande zote mbili. Na magunia matupu tunayotumia yanatoka bara, yanaweza kuwa ndiyo."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Mangi akaingia, jasho linamtoka. Akatoa funguo zake mfukoni, akamnyooshea Mwenyekiti. "Kaangalieni. Kama wapo, wapo. Mimi nimeshangaa wiki nzima kwa nini makopa yangu yanamwaga unga."

Walikuwepo. Nani alimpa nani, hakuna aliyeweza kusema, hata Ndugu Anselmi na miwani yake ya kukuzia. Mwenyekiti aliandika kwamba Mzee Mtipa alizembea njia ya fagio, akapewa onyo, na hilo lilikuwa haki. Hakuandika neno lile jingine, si kwa Mzee wala kwa Mangi. Pande zote mbili ziliamriwa kutoa mzigo nje, kupepeta, kuanika na kupulizia dawa. Yaliyofaa yalikwenda mashineni siku ile ile, kwenye foleni. Mengi hayakufaa.

Mzee alirudi. Tulikuwa tunafagia ukutani, sisi upande wetu, Mangi upande wake, tunasikiana kupitia tunduni. Mzee alichukua fagio bila salamu, akafagia kwa muda. Kisha akauliza bila kunitazama:

"Hawa. Uliwahi kunishuku?"

Nilitamani aulize kitu kingine chochote.

"Siku moja, Mzee. Siku ya makopo ya kwanza."

Fagio lake lilisimama. Upande wa pili wa ukuta, fagio la Mangi nalo likasimama. Nikasubiri aniambie nitoke.

"Siku moja tu?" akasema Mzee. "Mimi mwenyewe nilijishuku mara tatu. Nilikaa kitandani najiuliza kama kuna gunia nililipokea usingizini." Akainama akazoa chenga za mahindi kwa viganja, akazitia kwenye ndoo. "Leta mfuniko. Usiziache wazi hata dakika moja."

Nikaleta mfuniko, nikaukandamiza kwa magoti yangu yote mawili.